Msiniambie "Kuli" ni Neno Tu

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Jumamosi saa nne asubuhi. Mzee mmoja, kichwa chote mvi, anapita katikati ya watu na belo la mitumba mgongoni. Ameinama kiasi kwamba anachokiona ni visigino vya waliomtangulia. Nyuma yake yuko binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye mzigo, simu sikioni. "We kuli! Kuli! Siyo huko, kata kulia!" Mzee akakata kulia.

Sasa msije mkadhani naanza na binti mkorofi ili nipate pa kupigia. Hakuwa mkorofi. Nilikuwa naelekea upande huohuo, nikawaona mpaka mwisho. Walipofika kwenye gari alimlipa bila kubishana, akamnunulia na maji ya baridi. Halafu akamgeukia mama muuza ndizi aliyekaa pembeni ya gari: "Shikamoo mama." Akaitikiwa marahaba. Mama yule, kwa kumkadiria, ni mdogo kwa mzee wa belo kwa miaka kumi au zaidi. Shikamoo ilipita juu ya kichwa cha mzee kama hayupo pale, na yeye mwenyewe wala hakuonekana kuisubiri.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa kwenye mazungumzo ya kitabu hapa mjini. Kitabu chenyewe kilikuwa Kuli cha Adam Shafi. Mtu mmoja ninayemheshimu sana, msomi, aliyesoma riwaya za Kiswahili kuliko sisi sote tuliokuwepo, akasema tunalikuza jambo bure. Eti kuli ni neno tu. Limekuja, limekaa, limekuwa la Kiswahili kama shule na meza, na hakuna anayeulizia meza ilitoka kwa nani. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika Mtaa wa Kongo Jumamosi ile ndipo nikajua nilicheka mapema. Hili hapa jibu langu, limechelewa lakini limefika.

Meza haina umri. Meza haiamkiwi. Ukiiita meza kwa Kireno au kwa Kichina, hakuna kitu inapoteza. Binadamu ukimpa jina la kazi, halafu jina hilo likawa na nguvu ya kumfuta mvi kichwani, hapo huna neno tu. Una chombo, na chombo kina aliyekiunda.

Tuanze na chimbuko basi, maana wanaopenda kusema "neno tu" huwa hawapendi kufuatilia neno lenyewe. Kuli ni coolie ya Waingereza, na Waingereza waliiokota India. Ilikotoka ndani ya India wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaolipeleka kwa Wakoli, watu wa Gujarat. Wapo wanaolipeleka kwenye Kitamil, ambako kuli ni ujira, malipo ya kazi ya siku. Kamusi kubwa ya maneno ya Waingereza wa India, Hobson-Jobson ya mwaka 1886, inayaweka yote mawili mezani. Mimi nauona uchungu kwenye hili la pili: neno lililokuwa na maana ya malipo limegeuzwa kuwa jina la mtu ambaye malipo yake ndiyo hubishaniwa kuliko ya mtu mwingine yeyote sokoni.

Waingereza walilisambaza neno hilo kila walikofika. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, waliletwa Wahindi zaidi ya elfu thelathini, na kwenye makaratasi ya wakubwa watu hao waliitwa hivyo kwa jumla, awe fundi wa mawe, awe mhunzi, awe mwandishi wa hesabu. Kule Afrika Kusini Mhindi yeyote alikuwa kuli hata akivaa joho la mahakama. Gandhi mwenyewe ameandika kwamba alikuwa akijulikana kule kama wakili kuli. Kwa hiyo neno tangu mwanzo halikuwa linaeleza kazi. Lilikuwa linapanga watu. Lilipohamia kwetu likamwacha Mhindi, maana Mhindi alishapata duka, likamdaka Mwafrika wa bandarini.

Halafu kuna ndugu yake, boi. Huyu ananiuma zaidi. Kamusi za historia ya Kiingereza zinaonyesha kwamba boy ya zamani ilimaanisha mtumishi, mtu wa hali ya chini, kabla haijatulia kwenye maana ya mtoto wa kiume. Makoloni yakaziunganisha maana zote mbili: mtumishi, na hatakua kamwe. Mwanamume mwenye wajukuu, anayekwenda kijijini kwake akapishwa kiti, akirudi mjini kwa bwana ni boi. Hausiboi. Shambaboi. Taniboi wa kwenye lori, ambaye siku hizi tunamwita utingo. Wafaransa nao walilichukua hivyohivyo bila hata kulitafsiri. Ndiyo maana Ferdinand Oyono wa Kameruni alipoandika riwaya yake ya 1956 kwa Kifaransa, neno hilo la Kiingereza limo kwenye jina la kitabu. Kiswahili kilipoitafsiri riwaya ile hakikuhangaika, kikaiita Boi, na kila msomaji wa hapa akaelewa. Fikiria hilo. Neno moja, wakoloni wawili, na Mswahili hahitaji maelezo.

Kiswahili ni lugha inayomhesabia mtu umri kabla ya kitu kingine chochote. Kabla sijakuuliza unafanya kazi gani, nimeshakupima kwa jicho: nikuamkie au uniamkie, wewe ni kaka, baba, mzee, babu? Hata mwizi mzee huamkiwa kabla hajaulizwa. Ukitaka kumshusha Mswahili huna haja ya kumtukana, mvue umri tu. Boi lilifanya hivyo waziwazi. Kuli hufanya hivyo kimyakimya, na sisi tuliobaki tukaendelea kulitumia baada ya Waingereza kupanda meli zao.

Mtaniambia tulikuwa na maneno yetu kabla yao. Kweli. Mpagazi, mchukuzi, hamali. Wanyamwezi wa karne ya kumi na tisa walikuwa wapagazi wa kujivunia. Safari ya kushuka pwani na pembe ilikuwa kipimo cha uanaume, walipatana ujira, na mwenye msafara akileta ujanja waliweza kutua mizigo chini njiani na kumwachia porini. Chakula au kitambaa alichopewa mpagazi ajikimu njiani kiliitwa posho. Neno hilo bado tunalo, kama mnavyojua. Limepanda cheo, siku hizi linakaa kwenye viti vya ngozi, linaitwa posho ya kikao. Posho imepanda na aliyekuwa akiibebea mzigo amebaki chini. Nalo ni somo la isimu, kama kuna mwalimu analitaka.

Njooni tutembee kidogo. Tuanzie Magogoni, pale Feri. Ukisema Magogoni magazetini watu wanaelewa Ikulu, hata sasa ambapo mambo mengi yamehamia Chamwino. Lakini wanaoamka na Magogoni ni wengine: wanaoshusha matenga ya samaki kutoka kwenye mashua alfajiri, wanaopara, wanaosukuma mikokoteni kuelekea kivuko cha Kigamboni. Hatua chache kutoka hapo ndiko ilikokuwa bandari ya zamani ya kazi za kubangaiza, ambako watu walijipanga asubuhi kuchaguliwa kwa siku moja. Makuli hao hao ndio waliogoma 1939, wakagoma 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ukatoka bandarini ukafuata reli ya kati mpaka bara, ukawa mgomo wa wafanyakazi wa kila aina. Watu wanapohadithia uhuru huwa wanaanzia Julai 1954, TANU. Sina ugomvi na TANU. Ninachosema ni kwamba miaka saba kabla yake waliobeba magunia walishaonyesha kwamba nchi inaweza kusimama ikisimamishwa.

Kutoka hapo shika Barabara ya Samora mpaka Sanamu ya Askari. Kila mtu amepiga picha pale. Zamani aliposimama askari huyu palikuwa na sanamu ya Wissmann, Mjerumani. Waingereza walipouchukua mji Septemba 1916 wakaiondoa, na mwaka 1927 wakamweka huyu, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Maandishi ya chini yake aliyatunga Rudyard Kipling, na yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja wachukuzi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Halafu yanatoa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Simama hapo uinue macho. Miguu na mikono ya jeshi iko wapi? Nairobi angalau waliweka sanamu tatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Hapa kwetu ni askari peke yake. Waingereza peke yao walikusanya wachukuzi kama milioni moja katika vita ile ya Afrika Mashariki, wengi kwa nguvu. Hesabu ya wakubwa wenyewe inakiri kwamba waliokufa walizidi tisini na tano elfu, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo. Wachache walikufa kwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa, na kutembea. Na majina? Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Watu wasiopungua 116,000, pengine mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Mahali pengine orodha za majina zilikuwepo. Waliamua tu kwamba hazina haja ya kuchongwa.

Ahadi ya Kipling ilikuwa ya jina, na jina ndilo lililotupwa.

Endelea, pita Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi kutenga makazi ya Waafrika na ya wengine. Vuka. Umefika Kariakoo. Hapa Wajerumani walikuwa wanajenga ukumbi wa soko vita vikawakuta. Waingereza walipoingia, wakaufanya kambi ya kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps. Mdomo wa mtu wa Dar ukalila Kiingereza hicho ukalitema Kariakoo. Ukumbi ule haupo, soko tulilolizoea lililobuniwa na Beda Amuli lilisimama katikati ya miaka ya 1970, likaungua Julai 2021, na ujenzi ukaanza upya. Jina halijaungua. Kila siku maelfu ya watu wanasema "nashuka Kariakoo", "bei ya Kariakoo", "vunja bei Kariakoo", na kwa kusema hivyo wanawataja wabeba mizigo wa 1917 bila kujua. Hiyo ndiyo kumbukumbu pekee waliyopata: jina la kikosi. Na ndani ya mtaa uliobatizwa kwa ajili yao, mjukuu wao anaitwa we kuli.

Najua yanayofuata. Kuna kundi la pili, la watu wema. Hawa wanataka tulifute neno. Tuseme mchukuzi. Tuseme msaidizi wa mizigo. Mmoja alipendekeza, na hakuwa anatania, afisa mizigo. Jamani. Tumeshacheza mchezo huu nyumbani. Tulikuwa na boi na yaya, tukaja na hausigeli, tukaona aibu, tukasema beki tatu kwa utani, tukaona aibu tena, sasa tunasema dada wa kazi. Jina linabadilika kila miaka kumi, na binti bado analala jikoni na mshahara wake anakatiwa glasi iliyovunjika. Kuli mkimwita mchukuzi Jumatatu, ikifika Ijumaa mchukuzi litakuwa limeshachafuka. Serikali ina Wizara ya Uchukuzi yenye waziri, na hakuna anayeona haya kwa neno hilo. Kumbe uchafu hauko kwenye herufi.

Halafu lipo jambo ambalo wafutaji hawalioni: wenyewe wana maneno yao, na wanajua kuyatumia. Deiwaka wa kwenye daladala, anayeshika usukani wa mwenzake kwa siku, ametengeneza neno lake kutoka Kiingereza bila kumwomba mtu ruhusa, na likisemwa kijiweni halimdhalilishi yeyote. Kibarua limetokana na barua, kile kikaratasi kilichokuwa ushahidi wa siku alizofanya kazi. Mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake, lakini karatasi hiyo ilikuwa madai. Ilisema nidai. (Na nikiwa hapo, wale mnaosambaza kwamba machinga ni "marching guy" acheni. Wamachinga ni watu, wana kwao, Lindi. Kila neno la mtu maskini mnalitafutia baba Mwingereza, hata lisilo naye.)

Turudi kwenye vitabu, maana ndiyo kazi yetu hapa. Adam Shafi aliita riwaya yake Kuli mwaka 1979. Kwa nini hakuiita Mchukuzi? Kwa sababu alikuwa anaandika juu ya bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, na kwenye gati lile wanaume wale waliitwa kuli. Alilichukua tusi akaliweka jaladani. Lakini angalia alichofanya kuanzia ukurasa wa kwanza: kuli ana jina. Ni Rashidi. Ana mama, ana mtaa, ana njaa yake, ana kiburi chake, ana wenzake wenye majina. Ukimaliza kitabu huwezi tena kusema kuli ukimaanisha mgongo tu. Oyono naye vivyo hivyo. Boi wake ni Toundi, na silaha yake ni kwamba anaandika, anaweka daftari la siku zake. Boi anayeandika amewatisha mabwana kuliko boi anayeiba. Hivyo ndivyo mwandishi anavyolishughulikia neno la namna hii. Anaweka mtu pembeni yake mpaka neno lenyewe lione haya.

Ndiyo maana msomi wetu amenikera. Ametumia kitabu kilichoandikwa kumpa kuli jina kututhibitishia kwamba kuli halihitaji jina.

Sasa niseme langu, maana nisije nikaonekana nimesimama juu ya mti. Miaka michache nyuma nilipeleka habari ya mtu aliyeangukiwa na shehena akafa. Nilikuwa na jina lake kamili, nililipata kwa wenzake. Habari ilitoka na mistari minne: kuli mmoja amefariki dunia, kisha jina la mfanyabiashara mwenye mzigo, kisha thamani ya mzigo. Nilimuuliza mhariri. Akaniambia nafasi ilikuwa finyu. Jina lilikuwa maneno mawili. Thamani ya mzigo, ukiiandika kwa maneno, ilikuwa sita. Sikugombana naye. Nilikuwa mgeni kazini, nikaenda kula. Sikumbuki nilikula nini ila nakumbuka sikulipeleka gazeti kwa wenzake kama nilivyoahidi.

Basi Jumamosi ile nilirudi kumtafuta mzee wa belo. Nilimkuta amekaa kwenye toroli lake, anakunywa yale maji. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama kama anayejiuliza nataka abebe nini. Nikamwambia mimi mwandishi. Akacheka. Tukaongea kama nusu saa. Alikuja mjini kijana, bandarini kwanza, halafu hapa. Goti la kulia halikunjiki vizuri. Nilimuuliza kama kuitwa kuli kunamuuma. Akafikiri. "Kuli ndiyo kazi, mwanangu. Kinachouma ni we. We kuli. Ingekuwa baba kuli, mzee kuli, mbona sawa tu."

Nikamuuliza jina. Akanitajia yote matatu, la kwake, la baba, la babu. Nilipoanza kuandika akanishika mkono. "Hilo usiliandike. Nyumbani wanajua nina duka."

Nimeahidi, kwa hiyo halimo humu, na najua linavyoonekana: makala yote ya kudai majina, na la mtu mmoja niliyeongea naye sikuliweka. Nimelizungusha sana kichwani. Mzee yule hakuficha jina kwa sababu ya kazi. Kazi ameifanya kwa zaidi ya miaka thelathini na imewasomesha anaodhani wangemwonea aibu. Amelificha kwa sababu anajua likiandikwa, neno litakalokaa pembeni yake ni lipi, na nani watalisoma. Hapo ndipo "neno tu" limefikia. Limemfanya mtu alikimbie jina lake mwenyewe.

Sitaki tulifute kuli. Nataka mambo madogo, na nawataka wanaoweza kuyafanya wayafanye. Wahariri: mtu akifa chini ya mzigo, jina lake litangulie bei ya mzigo. Waandishi wa hadithi fupi mnaotuma kazi humu: nimesoma zaidi ya moja mwaka huu ambamo "kuli mmoja" anapita, anabeba begi la mhusika mkuu, anapotea. Mpeni sentensi moja ambayo si ya kubeba. Na wanaosimamia soko la Kariakoo: wekeni kibao pale mlangoni kinachosema jina hili limetoka wapi, wachukuzi wangapi walikufa, na kwamba majina yao hayakuandikwa. Kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na kiwekwe chini kidogo, mahali ambapo mtu aliyeinama na belo mgongoni anaweza kukisoma.